Fonti za mviringo: ipi uchukue, ipi uiache

Herufi zikipunguzwa kona kali, maandishi yanaacha kufoka. Ndiyo kazi ya fonti za mviringo zisizo na vikia (vimstari vidogo kwenye ncha za herufi): zinafaa vitabu vya watoto, vifungashio, michezo na programu za simu. Kwenye mkataba au taarifa ya msiba zinaonekana kama utani mbaya.

Kabla ya kulipa au kupakua, andika sentensi moja kwa pointi 9 yenye ng', I kubwa, l ndogo na tarakimu 1, uone kama hizo tatu za mwisho zinatofautiana. Kisha tazama a na o. Karibu kila neno letu linaishia na irabu, kwa hiyo fonti inayozichanganya hizo mbili itamchosha msomaji wa Kiswahili mapema kuliko msomaji mwingine. Jaribio hili ndilo lililopanga orodha yangu.

1. Nunito. Ilianzishwa na Vernon Adams, na ni ya bure hata kwa biashara, chini ya OFL (Open Font License), leseni huria ya fonti. Ina unene wa kila namna, kuanzia mwembamba kabisa hadi mzito kabisa. Herufi a yake ina kikono juu na tumbo chini, hivyo haifanani na o hata ikiwa ndogo. Pia ina ndugu yake, Nunito Sans, ambayo ncha zake hazikuviringwa. Mpe huyo aya ndefu, mviringo ubaki kwenye vichwa na vitufe. Kwa kazi nyingi, ningeishia hapa.

2. Fredoka. Nono na yenye bashasha, nayo ni ya bure. Kwa nembo au jalada inaishinda Nunito bila jasho. Usiipe aya nzima.

3. Quicksand. Andrew Paglinawan aliichora mwaka 2008 kwa maumbo ya kijiometri, na kwenye bango kubwa inapendeza sana. Lakini a yake ni duara lenye kijiti pembeni. Ikipungua ukubwa, "yao" inakuwa fumbo. Wabunifu wengi huiweka juu zaidi ya hapa. Nadhani wanaitazama badala ya kuisoma.

4. VAG Rounded. Iliundwa kwa ajili ya Volkswagen mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadaye Apple waliitumia kwenye kibodi zao kwa miaka mingi. Ni imara, ila inalipiwa, na mara nyingi leseni ya kompyuta, ya tovuti na ya programu ya simu huuzwa kila moja peke yake. Inunue pale tu mteja anapotaka sura hiyohiyo.

Varela Round inasomeka vizuri, lakini ina unene mmoja tu. Ukihitaji neno zito, kompyuta italinenepesha kwa nguvu, na matokeo huwa kama wino uliovuja.

Kuhusu zile za OFL: unaruhusiwa kuzibadilisha na kuzipachika ndani ya programu unayouza. Usichoruhusiwa ni kuuza faili la fonti lenyewe peke yake.