PS4 Slim ya mtumba kwa kibanda cha gemu Mtwara: kazi inaiweza, mashindano makubwa hayafiki

Mtu akitaka kufungua kibanda cha gemu Mtwara mjini, Mikindani au Masasi, ataambiwa anunue PS4 Slim, ile PlayStation 4 nyembamba ya Sony iliyotoka Septemba 2016. Ushauri huo bado ni mzuri, na sababu ya kwanza ni umeme. Juu kabisa mashine hii inakula wati 165, na katikati ya mechi ni kama 80 tu. Ongeza runinga ya LED ya inchi 32, kama wati 50, ukiwasha saa 10 kwa siku umetumia yuniti moja na kidogo. PS4 Pro, ndugu yake yenye nguvu zaidi, inaweza kwenda hadi wati 310, na kwa mechi za mpira mteja wa shilingi 500 haoni tofauti yoyote.

Inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme ukipungua haiungui kirahisi. Hasara inakuja pale umeme unapokatika mashine ikiwa inaandika kwenye hadi diski, na pale unaporudi kwa kishindo. Stabilaiza peke yake haisaidii hapo, maana umeme ukikatika nayo inazima. Weka UPS, betri ya dharura, ya VA 650: itabeba mashine na runinga dakika chache, zinazotosha kuzima kwa utaratibu. Ikishazimika vibaya na sasa inakwama au inasuasua, izime kabisa kwanza, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia usiachie mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba. Chomeka pedi ya kuchezea kwa waya, chagua namba 5, mashine ipange upya orodha ya vilivyomo. Pedi ikikataa kuonekana hapo, badilisha waya kwanza. Nyaya nyingi za mitaani zinachaji tu, hazipitishi data, na watu wameshapeleka mashine nzima kwa fundi kwa sababu hiyo.

Hadi diski ikifa, usinunue nyingine ya kuzunguka. Inaingia SSD, diski isiyozunguka, ya inchi 2.5 ya SATA, na kwenye Slim ni kufungua kifuniko cha kona ya nyuma na skrubu moja ya trei, kisha skrubu nne zinazoshika diski kwenye trei. Ili kuweka mfumo upya, andaa flashi yenye folda iitwayo PS4, ndani yake folda UPDATE, herufi zote kubwa, na ndani yake faili kamili la mfumo kutoka tovuti ya Sony lenye jina PS4UPDATE.PUP. Ni zaidi ya GB 1, kwa hiyo lishushe kabla hujafungua chochote.

Wakati wa kununua, usiridhike kuona imewaka. Mulika tochi kwenye tundu la HDMI uone pini zimenyooka, kisha mtikise waya kidogo picha ikiwa hewani. Ingiza diski na kuitoa mara tatu. Cheza nusu saa nzima ukisikiliza feni. Ikianza kupiga kelele mapema, mafuta ya kupoza prosesa yamekauka au vumbi limeziba njia ya hewa. Pwani kuna adui mwingine: hewa ya chumvi. Mashine iliyokaa Shangani karibu na bahari hupata kutu kwenye mabati ya ndani na kwenye matundu ya nyaya, wakati ya Masasi utaikuta imejaa vumbi jekundu. Zote zifunguliwe zisafishwe kila baada ya miezi mitatu, ila ya pwani ifunikwe kila usiku ikishapoa.

Lakini kinachomla mwenye kibanda ni pedi kuliko mashine. DualShock 4 halisi, pedi ya PS4, ina uzito wa gramu 210 hivi, spika yake inatoa sauti, na sehemu ya kugusa katikati inafanya kazi kweli. Ya bandia mara nyingi ni nyepesi mkononi na pale katikati ni pambo tu. Ugonjwa mkubwa ni analogi, vile vijiti viwili vya vidole gumba, kujivuta. Dalili zake: uko kwenye menyu hujagusa kitu, alama inapanda yenyewe, au beki wako anatembea taratibu kushoto wakati kidole kiko juu ya meza. Chini ya kila analogi kuna vipimo viwili, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Kila kimoja kina njia ya kaboni inayosuguliwa kila unapocheza. Kaboni ikilika, pedi inapeleka taarifa ya uongo.

Kama ni uchafu, spiriti ya isopropili ya asilimia 99 itairudisha, nayo ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Spiriti ya kawaida ya vidonda ina maji mengi, inaacha kutu. Kama kaboni imekwisha, kusafisha kunakupa wiki mbili tu. Hapo ni kung'oa analogi nzima, pointi 14 za risasi ya kulehemu, na fundi asiye na pampu ya kunyonya risasi ataichubua bodi. Zipo analogi za sumaku zisizosuguana. Kwa kibanda tunazipendelea, ila zinataka kalibresheni, yaani kurekebishwa vipimo, kwa kompyuta baada ya kufungwa, na fundi akiruka hatua hiyo mteja atalalamika mchezaji hakimbii vizuri.

Kitufe kinachogoma au kujibonyeza chenyewe ni kesi tofauti. Usibadilishe mpira wa vitufe kwanza. Angalia ile filamu ya nyaya inapokutana na bodi: sponji ya nyuma yake huwa imebonyea, na kipande kidogo cha sponji mpya kinamaliza kazi. Na tundu la kuchajia likilegea, soma namba kwenye kibao chake kidogo cha saketi kabla ya kuagiza Kariakoo, Dar es Salaam, kwa sababu kuna vya pini 12 na vya pini 14. Kosa hilo lina safari ya zaidi ya kilomita 500 kurudi.

Kwa kushindanisha watu, weka runinga zote kwenye hali ya gemu, na pedi zote zitumie waya. Kuchomeka peke yake hakutoshi. Ingia kwenye mipangilio ya vifaa uchague mawasiliano yapite kwenye waya, la sivyo bado inaongea kwa Bluetooth. Wachezaji 16 wa mtoano ni mechi 15. Kwa dakika sita kila kipindi, pamoja na marudio na kupanga timu, hesabu dakika 15 kwa mechi. Mashine mbili zinamaliza kwa saa mbili kama hakuna anayechelewa. Tangaza mbili na nusu. Msimu wa korosho, Oktoba na kuendelea, pesa ikianza kuzunguka, ndio wakati wa kuandaa.

Sasa upande ambao mashine hii inatuangusha. Mpira wa uwanja wa Nangwanda Sijaona hauna mwenyewe. Vijana wakipata mpira na nyavu, wanacheza. Gemu ina mwenyewe, na yeye ndiye anayeamua nani ashindane. EA, kampuni inayotengeneza gemu hiyo ya mpira, na FIFA walipoachana, FIFA 23 ikawa ya mwisho kwa jina hilo na iliyofuata ikaitwa FC, na mwaka 2023 EA ikaziondoa gemu za FIFA kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyekuwa na diski anaendelea kucheza mpaka leo, na ndiyo maana tunasisitiza kibanda kinunue diski. FC 25 na FC 26 bado zimekuja kwenye PS4, lakini ni gemu tofauti na ya PS5. Mwendo wa wachezaji ni mwingine, na mtandaoni mchezaji wa PS4 anakutana na wa Xbox One tu, wa PS5 hampati. Kijana anayewafunga wote Chikongola anajifunza mchezo ambao kwenye mashindano makubwa hauchezwi.

Halafu kuna akaunti. Mtandao wa PlayStation hauna Tanzania kwenye orodha ya nchi zake. Wengi wanaandikisha akaunti ya Afrika Kusini au Marekani, na kadi ya kuongeza salio lazima iwe ya nchi hiyohiyo. PS Plus, huduma ya kulipia ya Sony inayohitajika kucheza FC mtandaoni, inalipiwa kwa mzunguko huo. Mashine iliyovunjwa ulinzi ili icheze gemu za bure ndiyo imejifungia kabisa, kwa sababu ikijaribu kuingia inaweza kupigwa marufuku. Kombe la Dunia la gemu lililofanyika Riyadh mwaka 2024 lilitangaza zawadi za dola milioni 60. Kampuni zinazotengeneza utajiri huo zinajua tunacheza, na kutunyima hata jina la nchi kwenye fomu ni dhuluma kwa wachezaji wetu.

Njia iliyo wazi zaidi ni eFootball ya Konami. Ni ya bure, kwenye PS4 haidai PS Plus, na kwenye simu inapatikana bila kubadilisha nchi. Oktoba 2024 FIFA ilitangaza ushirikiano na Konami, na fainali za kombe lao la eFootball, Desemba mwaka huohuo Riyadh, zilikuwa na kitengo cha simu pembeni ya kile cha mashine. Indonesia ilibeba kombe la mashine, la simu likaenda kwa mchezaji wa Malaysia.

Kwa hiyo anayeanza Mtwara leo anunue Slim moja au mbili, pedi halisi tatu kwa kila mashine, UPS, na diski za FC. Kisha atenge meza moja yenye Wi-Fi nzuri, chaja nne na feni ya kupoza simu, kwa wale wa eFootball. Simu ikipata joto inapunguza kasi, na kwa joto la Mtwara mchana hilo linatokea kabla ya mechi ya tatu kuisha.