Ndege wa baridi: Kitulo au Mlima Rungwe?

Wanaofika Mbeya na darubini shingoni huuliza kila msimu: kuwaona ndege wa milimani penye baridi, waende hifadhi ya Kitulo au Mlima Rungwe? Kwa kimo hazipishani sana: uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600, kilele cha Rungwe kinakaribia 2,960. Tofauti ni kinachoota juu yake.

Kitulo ni nyasi. Unaona mbali, na tandawala, ndege mkubwa wa nyasini, anayetembea kilimani humkosi ukiwa na subira. Mbayuwayu buluu, ambaye dunia nzima wamebaki wachache, huja kuzaa hapa wakati wa mvua. Kwangu mimi huyo peke yake anatosha kumpandisha mtu Matamba, mji mdogo wa kuingilia Kitulo. Yupo pia yule ndege mdogo wa kahawia anayeitwa kwa jina la Njombe. Ila mvua hiyohiyo huifanya barabara utelezi, na bila gari lenye nguvu utakwama. Gari ndilo linalokula pesa, kuliko kiingilio.

Rungwe ni msitu mnene hadi karibu na juu. Daladala za Tukuyu zinakusogeza, mfuko unapumua, lakini miguu italipa: kupanda na kushuka ni siku nzima. Ndege utawasikia kuliko kuwaona, kwa hiyo anayejua sauti zao atafaidi zaidi. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, njia ni kavu.

Mwenye wazee au watoto, Kitulo. Mwenye mapafu mazuri na nauli ndogo, Rungwe, na mwongozaji wa hapo kijijini asikosekane, maana ukungu hushuka ghafla.