Stendi ya mbia: choo mia tatu, maji hakuna (nyota 2 kati ya 5)

Mi natoka Mtwara na mzigo wa samaki wakavu, karibu kila wiki nashukia stendi hii mkoani Lindi. Jina lake na la kampuni siweki, wenyeji mnaijua. Zamani tulikuwa tunashukia kwenye vumbi, masika ikifika tope mpaka mzigo unauvulia viatu, sa waliposema halmashauri inatoa kiwanja, mbia anajenga kwa hela zake anaendesha miaka kadhaa afu anakabidhi, nilifurahi sana. Na paa ni zuri, taa usiku zipo, hilo nawapa.

Shida choo. Unalipa mia tatu unaingia maji hakuna, kopo moja na ndoo ya watu wote. Juzi kuna bibi kaja hospitali, ana mia mbili tu, karudishwa mlangoni, nikamlipia mimi huku roho inaniuma. Nikamuuliza kijana, mdogo wangu maji vipi? Akasema dada pampu imekufa, pampu ni ya halmashauri. Nikaenda halmashauri kabisa, naambiwa mama uendeshaji wote ni wa mbia, mkataba ndo unavyosema. Haya nionesheni huo mkataba, eti ni siri. Siri ya nini wakati kiwanja ni chetu na mia tatu ni zetu??

Kodi ya fremu nayo imepanda mpaka mama ntilie wawili wamehamia barabarani, na vihaisi vinashusha abiria huko huko nje vikwepe ushuru, makusanyo yanashuka, na diwani alitwambia mkutanoni yasipofika kiwango halmashauri ndo inajazia. Yani mbia hapati hasara hata stendi ikilala tupu! Hii nchi tushaipitia jamani. IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, ilikuwa hivyo hivyo, mkataba wa 1995 na TANESCO, miaka 20, mtambo wa megawati 100 pale Tegeta, kapasiti chaji, yani malipo ya mtambo kuwa tayari tu, inalipwa umeme uchukuliwe usichukuliwe. City Water, nayo kampuni binafsi, wakapewa maji ya Dar 2003, mkataba wa miaka kumi, Mei 2005 serikali ikauvunja. Kipindi hicho sheria ya ubia wa serikali na sekta binafsi hatukuwa nayo, imekuja 2010, kwahiyo stendi ya juzi haina kisingizio.

Sipingi mbia kupata faida, kaweka hela yake arudishe. Ila na yeye abebe hasara kidogo, asitubebeshe sisi zote. Naomba kitu kimoja tu, pale mlangoni pa choo ibandikwe karatasi: pampu ikifa anatengeneza nani, ndani ya siku ngapi, akichelewa anakatwa shilingi ngapi.

Mwezi wa kumi minada ya korosho ikianza stendi itajaa watu, nitaingia choo hicho hicho, nikikuta maji narudi hapa kubadilisha nyota.