Duara likatoka yai: uzoefu wangu na programu ninayoilipia kila mwezi

Hadi juzi juzi hapa, mtu akiniuliza ahariri video kwa programu gani, nilikuwa naitaja hii bila kufikiri mara mbili. Nimeilipia muda mrefu, mwezi kwa mwezi. Sasa mniache niseme.

Kazi ilikuwa ya harusi, hapa Unguja. Bibi yake biharusi yuko Muscat, magoti hayamruhusu kusafiri, kwa hiyo alijirekodi kwa simu akimwombea dua mjukuu wake. Mama wa biharusi akaniambia, "Mwanangu, nataka mama aonekane kama yumo nasi ukumbini." Nikamweka kwenye duara, pembe ya chini kulia, nyuma yake zikipita picha za biharusi za utotoni. Akifika kwenye dua, duara linapanda katikati na kukua taratibu. Ukingo niliulainisha, nikauzungushia mstari wa dhahabu. Kwenye kioo changu kazi ilipendeza, Wallahi.

Nikarenda usiku kucha, yaani programu ikitoa video kamili kuwa faili moja, asubuhi nikatazama mwanzo wake, nikatia kwenye flashi nikaenda.

Ukumbi mzima wanawake, projekta imewashwa, bibi akatokea. Halikuwa duara. Lilikuwa yai jembamba lililosimama, kama ufa wa mlango. Mashavu hayapo, macho yamekatwa nusu nusu, imebaki pua na mdomo unaosema "Mungu akuhifadhi". Lilipokuja katikati likazidi kuonekana. Mama wa biharusi alinigeukia mara moja, kisha akatazama chini. Hakusema neno. Bora angenigombeza.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaambatisha picha mbili: ya kioo changu, duara zima, na ya faili lililotoka. Siku mbili kimya. Jibu: nihakikishe nimelichora duara sawasawa. Sawasawa! Picha si hiyo hapo? Nikajibu kwa adabu. Akaja mwingine kuniuliza kompyuta yangu ni ya aina gani, neno moja la nililoandika hajalisoma. Wa tatu hakuuliza kitu, alifunga shauri na kuandika kwamba limetatuliwa.

Limetatuliwa na nani? Nililitatua mimi, baada ya kukesha tena. Video ya simu iliyopigwa wima mara nyingi huhifadhiwa ikiwa imelala, 1920 kwa 1080, ndani yake mna alama inayosema igeuzwe nyuzi 90. Wakati wa kuhariri nilikuwa naona proksi, ile nakala nyepesi, ambayo imeshageuzwa. Wakati wa kurenda programu inarudi kwenye faili lenyewe, na inabandika maski, lile umbo linalokata picha, kabla ya kuligeuza. Maski inapimwa kwa asilimia ya upana na urefu. Ukibadilisha upana na urefu nafasi zake, duara linavutika likawa yai. Nikaipitisha video ya bibi kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha faili za video, ikatoka imesimama kikweli. Nikarenda upya. Duara, kama sahani.

Hapo hasira zikashuka, nikaanza kuwaandikia nyota nne, maana kwa kuchonga maumbo sijaona chombo chenye mkono laini kama hiki. Shotcut, programu nyingine ya kuhariri video, ni ya bure, ina maski ya yai, ya pembetatu na ya almasi, nayo inafanya kazi, ila ukingo wa dhahabu itabidi uutafutie njia nyingine.

Lakini mbona mimi ndiye niliyekesha, na fedha wanachukua wao? Watu watatu, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama video ni ya simu! Mama wa biharusi nimempelekea kazi mpya bila kumtoza, akaniambia "ahsante mwanangu" kwa sauti ya chini. Bibi naye alipiga kutoka Muscat, akataka kujua kama alionekana vizuri na kama watu waliitikia "amin".

Nyota mbili. Hapana, moja. Nyingine nitairudisha siku watakapolifungua lile shauri.