Uzoefu wangu: ziara ya miguu hadi Park Crescent, London

Jumapili moja ya mwezi wa Mei nililipa pauni 15 kujiunga na ziara ya miguu ya saa mbili inayoanzia karibu na jengo la BBC, kufuata Portland Place kuelekea kaskazini, na kuishia Park Crescent, ile safu ya nyumba zilizoungana kuta na kujipinda nusu duara jirani na Regent's Park. Mimi hufundisha uchoraji wa ramani za majengo, kwa hiyo nilifuata nyumba, si hadithi za wakubwa waliolala ndani yake, na tathmini hii isomwe hivyo.

Saa ya kwanza naipita haraka, kwa sababu kiongozi wetu alisema mengi kuhusu watu na machache mno kuhusu kuta. Mambo yalibadilika barabara ilipokwisha. Portland Place ni pana na imenyooka kabisa, na ukiwa bado ndani yake huoni dalili yoyote ya mpindo. Kisha ghafla nyumba za kulia na za kushoto zinaachana, zinakwenda mbali kidogo, halafu zinakunjika kuelekea mbele na kuizunguka bustani. John Nash, msanifu aliyezibuni, alikusudia duara kamili. Ujenzi ulianza mwaka 1812, mjenzi Charles Mayor akafilisika akiwa amesimamisha nyumba chache tu, na kazi ilipokamilika miaka kadhaa baadaye duara lilikuwa limebaki nusu.

Uzuri wenyewe uko kwenye nguzo za ghorofa ya chini. Zimepangwa mbili mbili, kwa mtindo wa Kiyunani uitwao Ioniki, na vichwa vyake vimejikunja kama pembe za kondoo dume. Ukitembea kando yake, nguzo za mbele huonekana zimebanana mpaka ukadhani ni ukuta mtupu, lakini kila unapozifikia zinafunguka jozi kwa jozi, mlango unatokea, kisha zinafunga tena nyuma yako. Kwa njia hiyo huwezi kusema kwa urahisi nyumba ya huyu imeishia wapi na ya jirani yake imeanzia wapi, na ndivyo Nash alivyotaka: familia nyingi ziishi nyuma ya uso mmoja wa kasri. Wengi katika kundi letu walidhani ni mawe. Ni plasta iliyopakwa rangi ya malai, na aliyezoea kuta za chokaa za pwani yetu hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba plasta ya namna hiyo haiachi kudai fundi na rangi.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza, kiongozi alituhakikishia kwamba tunaona nyumba zilezile alizoziacha Nash, jambo ambalo si kweli: mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yaliziharibu, na katika miaka ya 1960 zilijengwa upya, uso wa mbele ukiigwa kama ulivyokuwa. Nilipomuuliza, alitabasamu na kuendelea mbele. Angelisema wazi, ziara ingenoga zaidi, maana kwangu kilichobuniwa hapa ni mstari wa mpindo, na mstari huo umerudi mahali pake. La pili, tangazo la ziara lilikuwa na picha iliyopigwa ndani ya bustani, ilhali bustani ni ya wenye funguo tu. Hata njia inayopita chini ya barabara ya Marylebone Road, waliyopita mayaya na watoto kwenda bustani ya Park Square, tuliisikia ikisimuliwa tu tukiwa nje ya uzio wa vyuma.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Mwenye jicho la ujenzi anaweza kwenda mwenyewe bila malipo: ashukie kituo cha Regent's Park, awahi asubuhi jua linapopiga mkono wa magharibi, kisha atembee mpindo wote mara mbili, mara ya pili akitokea upande wa pili.