Koti la mtumba la manyoya ya bata, msimu wa tatu sasa Minneapolis

Jamani hili koti nililipata kwa dola 60 duka la mitumba hapa Minneapolis, Marekani, na sijajuta hata siku moja. Ni refu mpaka magotini, limejazwa manyoya ya bata, kofia yake inafungwa mpaka puani. Januari baridi ikishuka -25 nasubiri basi dakika 15 na kifua kiko moto kabisa. Mwaka wangu wa kwanza nilivaa masweta matatu ya pamba na koti jepesi, nikatoka jasho ndani ya basi, kushuka tu ile pamba imelowa ikawa kama barafu mgongoni, nililia kweli. Pamba ikilowa haikupi joto tena, ndani vaa sufu.

Kasoro ni zipu tu, mvuke wa pumzi unagandia kwenye meno inakwama, mi huwa naisugua na mshumaa inateleza vizuri. Glavu chukua zile vidole vyote vinakaa pamoja vinapeana joto. Buti ongeza namba moja, soksi nene zikibana damu haipiti vizuri. Wanaokuja kutoka Dar au Mombasa, koti la huko halitoshi, njoo ununue huku.