Taima ya jikoni kutoka Mbuyuni, kwa walimu wenye rundo la madaftari

Walimu wenzangu, na yeyote mwenye kazi anayoikwepa kila siku, nunueni taima ya jikoni. Ile ya plastiki ya kuzungusha kwa mkono, inayouzwa kwenye maduka ya vyombo. Yangu nimeinunua hapa Moshi, Mbuyuni, kwa shilingi 8,000. Muuzaji alianzia 12,000.

Nafundisha Kiswahili sekondari. Azimio la kazi na andalio la somo naandika bila taabu, ila kusahihisha insha za Kidato cha Tatu kunanilemea. Madaftari yakishakaa mezani tu, nakumbuka nguo za kufua, kabati la kupanga, mama yangu kule Machame ambaye sijampigia simu. Watu huita huo uvivu, nami sikubaliani nao, kwa sababu hata kufua ni kazi. Ugumu uko pale mwanzoni, unapolitazama rundo zima na moyo ukakataa.

Kwa hiyo siku hizi siahidi kumaliza rundo. Naahidi dakika 25 basi. Utaratibu huo ulianzishwa na Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi wa chuo, kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, na mbinu yake ikajulikana kama Pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, na baada ya mizunguko minne mapumziko marefu zaidi.

Taima yangu unaizungusha kwanza mpaka mwisho ili springi ikaze, kisha unairudisha kwenye 25. Usipoikaza hivyo, kengele hulia kinyonge. Ikianza tu kugonga tik tik, nami nimeshashika kalamu nyekundu. Daftari la kwanza huwa zito kweli. Likifika la tatu nimeshazama: nafuata hoja za mtoto, nazungushia "ata" na "uyu", naandika maoni pembeni. Kengele ikilia mara nyingi nakuta nataka kuendelea, lakini nainuka, nanyoosha mgongo, naonja mtori jikoni, narudi.

Taima ya simu niliiacha. Ukiishika simu kuitega, unakutana na ujumbe wa kikoba, na jioni imekwisha. Hii haina betri wala chaji, na umeme ukikatika nasahihisha kwa taa ya sola huku yenyewe inahesabu.

Kasoro zipo. Inachelewa kama dakika moja hivi, kwa hiyo kwa mayai ya kuchemsha siiamini. Namba zimechapwa juu juu na zimeanza kufutika. Mlio wake ni mkali. Mtoto akiwa amelala naiweka juu ya khanga iliyokunjwa. Na usilipe kabla hujaijaribu palepale dukani. Izungushe, iache ishuke mpaka ilie, maana ya kwanza niliyopewa ilikwama kwenye 10, muuzaji akanibadilishia bila maneno.

Binti yangu wa Darasa la Sita ameanza kuichukua kwa ajili ya hisabati, na sehemu zinazompa shida anazianza mwenyewe bila kusukumwa. Jumamosi namnunulia ya kwake, kwa sababu saa mbili usiku sote wawili tunaitaka hiyo moja.